Haya, mwanangu

Neno lenyewe ni moja tu, "haya", na limenikaa kooni tangu Jumapili usiku.

Leo ni Ijumaa. Katikati hapo ofisini tumeletewa meneja mpya, umeme umekatika mara tatu, na bado mwili unauma kwa ile safari ya Morogoro kwenye sendofu ya mdogo wangu. Yote yamepita tu. Ninachorudia kichwani kwenye daladala, nikiosha vyombo, nikiwa kikaoni huku watu wanasoma mahesabu ya mwezi, ni maongezi ya dakika tatu na mama mkwe, mezani kwangu mwenyewe.

Huyo mkwe, Mama, yupo kwetu kwa ajili ya matibabu ya jicho. Jumapili usiku alikaa kiti cha pembeni, ungo magotini, anachambua mchele wa kesho yake. Kwa jicho moja. Kidole kinapita juu ya punje bila haraka, chuya inasukumwa kushoto, kijiwe kinasukumwa kushoto, mchele unabaki. Mimi nilikuwa kwenye kompyuta na mradi wangu wa usiku, ile kamusi ndogo ya mtoto wetu mdogo, ya kumpangia maneno ya darasani kwa alfabeti. Naiandika kwa Ada, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Siku ya kwanza nilipomwambia Mama najifunza Ada, aliuliza ni ada ya shule ya nani. Nikamweleza kwamba lugha hii imepewa jina la mwanamke wa Uingereza, Ada Lovelace, aliyezaliwa 1815, akaandika namna ya kuipa mahesabu mashine ambayo hata kujengwa ilikuwa haijajengwa. Jeshi la Marekani lilipoiwekea lugha hiyo kiwango rasmi, namba ya kiwango nayo ikawa 1815. Mama akauliza, "Alikuwa na watoto?" Nikasema watatu. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi alijitahidi."

Jumapili akataka kujua nafanya nini hasa. Nikafurahi kuulizwa, maana humu ndani hakuna anayeniuliza. Nikamsogezea kompyuta nikaanza.

Nilimwambia hivi. Kwenye lugha ninayoitumia kazini mchana, herufi ni herufi, chochote kinachokuja kinapokelewa. Lakini Ada inakuruhusu utengeneze aina yako ya herufi, ukae chini utamke mwenyewe ni herufi zipi zipo, na usipoitaja herufi, basi kwenye aina hiyo haipo. Mfano unaotolewa kwenye kitabu cha kanuni za lugha ni namba za Kirumi: I, V, X, L, C, D, M, alama saba basi. X ya aina hiyo na X ya kawaida zinaandikwa sawasawa lakini si ndugu. Kompaila, yaani programu inayokagua msimbo na kuutafsiria mashine, inaangalia panapohitajika herufi ya aina gani, inajua ni X ipi unayoisema. Na ukichomeka Z katikati ya namba ya Kirumi, programu haifiki hata kwenye kuendeshwa. Inakataliwa pale pale mlangoni.

Nami nikatengeneza aina yangu, ya Kiswahili:

type Herufi is
  ('a', 'b', Ch, 'd', 'e', 'f', 'g', 'h',
   'i', 'j', 'k', 'l', 'm', 'n', 'o', 'p',
   'r', 's', 't', 'u', 'v', 'w', 'y', 'z');
type Neno is array (Positive range <>) of Herufi;

Hakuna q. Hakuna x. Na C haikai peke yake, kwa sababu kwenye Kiswahili haikai peke yake. Nilikuwa naona fahari hiyo Ch kuliko kitu chochote nilichoandika mwaka huu. Ndani ya vile vijiti viwili vinavyoizunguka herufi, kama 'a', inaingia alama moja tu, kwa hiyo huwezi kuandika c na h kwa pamoja humo. Lakini kanuni ya Ada inasema aina ya kuorodhesha, yaani iliyotajwa thamani zake moja moja, ikiwa na walau alama moja ya ndani ya vijiti, tayari ni aina ya herufi, na wenzake waliobaki wanaweza kuwa majina ya kawaida. Ndiyo maana Ch imekaa pale bila vijiti, na chakula inaandikwa Ch & "akula". Tena mpangilio wa alfabeti unakuja wenyewe, kwa sababu herufi iliyotajwa mwanzo ni ndogo kuliko inayofuata, na maneno yanalinganishwa herufi kwa herufi bila mimi kuandika chochote.

Mama alisikiliza yote. Ungo ulikuwa umesimama. Kisha:

"Hizo ndizo herufi zote?"

"Zote, Mama. Ishirini na nne."

"Basi niandikie jina langu nilione."

Jina lake silitaji hapa, ila linaanza na Ng'w kama majina mengi ya kwao Usukumani. Nikaliandika, nikakompaili. Likakataliwa. Ritifaa, kile kijiti cha baada ya ng, haimo kwenye aina. Na mimi, bila hata kumgeukia, vidole bado viko kwenye vitufe, nikasema:

"Tutakitoa hiki kijiti, Mama. Halibadiliki kitu."

Kimya kidogo.

"Haya, mwanangu."

Ungo ukaendelea.

Kiswahili kina haya nyingi. Kuna haya ya kuondoka, haya twende. Kuna ile ya kwenye simu, haya, haya, usiku mwema, ambayo mtu anaweza kuisema mara nne kabla hajakata. Kuna ya kumhimiza mtoto ale. Ya Mama haikuwa mojawapo ya hizo. Ilikuwa haya ya mtu ambaye amelisikia jambo hilo hilo kwa watu wengine na anajua litaishaje. Baba Watoto anasema nakuza mambo, Mama kasema haya tu kama anavyosema siku zote. Lakini yeye hakuuona ule ungo ulivyosimama. Na ile haya nyingine, ya kuona haya, imenipata mimi.

Kwa sababu najua karatasi zake. Mimi ndiye ninayezibeba kwenye bahasha tukienda kliniki. Kadi moja imeandika Ngw. Nyingine imeandika N'gw, kijiti kimewekwa mahali si pake. Ya tatu wameandika Nw tu, hata g haipo. Kila dirisha tunalofika lazima nieleze kwamba hawa watatu ni mama mmoja. Nimeeleza mara ngapi, na kila mara nakasirikia yule aliyekaa nyuma ya dirisha, kwamba kwa nini hakujali. Jumapili dirisha lilikuwa langu.

Na najua alivyojifunza kusoma. Ameshanihadithia: kisomo cha watu wazima, miaka ile ya sabini, jioni baada ya shamba, tayari ana watoto wawili. Anasema siku aliyoandika jina lake mara ya kwanza, mwalimu alilitazama, akachukua chaki, akaongeza kile kijiti, akamwambia bila hiki si wewe. Akalifuta lote amwandikie upya. Mama akaliandika hadi giza likaingia.

Halafu mimi namwambia halibadiliki kitu. Tena si kweli hata kwa Kiswahili chenyewe. Toa kijiti kwenye ng'oa, inabaki ngoa. Moja ni kung'oa muhogo, nyingine ni wivu na tamaa. Nimezaliwa kwenye lugha hii na nikasema halibadiliki kitu.

Jumatatu na Jumanne sikuigusa kompyuta usiku. Jumatano umeme ulikatika, watoto wakalala mapema, nikaifungua kwa chaji iliyobaki, nikabaki naangalia tu ule mstari wa kwanza. Ch ipo pale pale. Nilikuwa nimeshaipa kiti chake herufi isiyoenea ndani ya vijiti, nikaisifia na watu. Dawa ilikuwa kwenye mstari ule ule niliokuwa namwonyesha Mama, na bado nikaona rahisi kumpunguza yeye kuliko kuongeza herufi moja.

Nikaongeza. Baada ya 'n' nikaandika Ng_Ritifaa. Herufi zikawa 25. (Sh na ny nimeziacha zilivyo kwa sasa, kwa sababu s, h, n na y kila moja inaishi peke yake kwenye maneno mengine. C haiishi peke yake, na ritifaa kwenye maneno haya haiishi bila ng. Mwenye hoja tofauti aniandikie, nataka kuisikia.)

Nilidhani ndiyo nimemaliza. Nikakompaili, na hapa ndipo moyo wangu ulipogeuka. Ikakataa mara tano. Mahali patano tofauti kwenye msimbo nilikuwa nimeandika orodha ya nini kifanyike kwa kila herufi: ipi irabu, ipi konsonanti, isomweje kwa sauti. Ada haikubali orodha ya namna hiyo ikiacha hata thamani moja ya aina. Kwa hiyo nilipoongeza herufi moja tu, ikanishika mkono, ikanipeleka nyumba kwa nyumba: hapa pia ulimsahau, na hapa, na hapa. Nilikaa gizani nacheka peke yangu. Sijawahi kuonyeshwa makosa yangu nikahisi nimesaidiwa kiasi kile.

Lakini mahali pa sita palipita kimya. Ni ile sehemu ya kumchagulia mtoto picha ya kila herufi. Pale, miezi miwili iliyopita, kwa uvivu, nilimalizia orodha kwa when others, yaani wengineo wote, wapewe kadi ya kijivu isiyo na picha. Ukishaandika hivyo kompaila haikuulizi tena, umeshasema atakayekuja yeyote aende huko. Nimekuja kuigundua kwa macho, nikisoma mstari kwa mstari, saa sita na nusu usiku. Ng' ilikuwa imeangukia kwa wengineo, kwenye kadi ya kijivu. Nikaufuta mstari wenyewe kabisa, nikataja herufi zote moja moja, na kwa ng' nikaweka picha ya ng'ombe.

Bado kuna la simu. Mdogo wetu anapoandika kwa simu ya baba yake, kijiti kinatoka kimepinda. Kwa macho ni kile kile, kwa mashine kilichonyooka ni namba 39 na kilichopinda ni 8217, na aina ya kawaida ya herufi ya Ada inaishia nafasi ya 255. Kwa hiyo nasoma kwa ile aina pana zaidi, halafu vijiti vyote, kilichonyooka, kilichopindia kulia, kilichopindia kushoto, vikija baada ya n na g vinakuwa Ng_Ritifaa. Kusema kweli hiyo ndiyo kazi iliyobaki kubwa. Na kukiandika kile kilichonyooka kama herufi kwenye Ada unaandika vijiti vitatu vimesimama sambamba, ''', cha katikati ndicho chenyewe na wawili wanamlinda. Nimeupenda sana mstari huo.

Jana jioni nilimwita Mama. Nikasema, "Mama, shikamoo, njoo mara moja." Akaja na khanga begani, akavuta kiti, akasogeza jicho lake zima karibu na kioo. Nikaliendesha jina. Sikuwa nimekumbuka kwamba ukiiambia Ada ikutajie herufi yenye jina, inakutolea jina lenyewe kwa herufi kubwa. Kwa hiyo badala ya ng' kikatoka NG_RITIFAA, kisha w, kisha zilizobaki. Nikaanza kuomba radhi, nikasema ngoja nirekebishe, itaonekana vizuri.

Akanizuia kwa mkono. Aliweka kidole kwenye kioo, kile kile cha kuchambulia mchele, akasoma taratibu.

"Ri-ti-faa. Ndiyo nini?"

"Ndiyo jina la kile kijiti, Mama."

"Kumbe kina jina?"

"Kina jina."

Akalirudia mara mbili, ritifaa, ritifaa. Miaka hamsini amekibeba na hakuna aliyemwambia kinaitwaje, wala mwalimu wake wa kisomo, wala mimi niliyekaa naye mezani mwezi mzima. Kisha akahesabu herufi za jina lake kwa vidole, kuanzia kidole gumba, akaiona ng' ikihesabiwa moja. Hakusema haya. Alisema, "Liache hivyo hivyo, usilirekebishe," akarudi jikoni kuangalia maharage.

Kwa hiyo nimeandika njia ya pili ya kulionyesha, yenye ng' ya kawaida, kwa ajili ya mtoto. Ya Mama nimeiacha.

Jumanne tunarudi kliniki na bahasha yetu. Ila usiku huu nisichokipatia usingizi ni kifungua mimba wangu. Jumapili wakati wao wa simu shuleni alisema shikamoo na niko sawa, akampa mwenzake simu kabla sijauliza chochote, na sauti ilikuwa ya mtu mwenye mafua au aliyekuwa analia. Matroni simu yake haipokelewi tangu jana mchana. Nitajaribu tena saa kumi na mbili kabla hawajaingia mchakamchaka.