Kumbukumbu ya mradi wangu: asidi nyepesi, madoa ya chunusi, na haraka iliyokatazwa

Januari: ninachotaka na nisichotaka

Mradi ni huu: kupunguza madoa meusi yaliyoachwa na chunusi mashavuni na kwenye taya, kwa asidi nyepesi za kuambua ngozi, nyumbani, bila kuongeza doa hata moja jipya. Hayo maneno ya mwisho ndiyo mradi wenyewe. Kuuunguza uso kwa asidi ni kazi ya dakika tano, haihitaji daftari.

Niseme mapema kwamba sitafuti weupe. Rangi yangu naipenda ilivyo, nataka tu iwe moja uso mzima.

Mwaka 1975, daktari Thomas Fitzpatrick wa Marekani alipopanga ngozi za watu kulingana na zinavyopokea jua, alianza na aina nne, zote za ngozi nyeupe. Ya tano na ya sita, za kahawia na nyeusi, ziliongezwa baadaye. Mimi ni wa aina ya tano, na nikisoma maelekezo ya chupa nyingi za asidi naona yameandikwa kana kwamba hizo mbili bado hazijaongezwa. Yanasema "wekundu kidogo ni kawaida." Kwenye ngozi nyeusi huo wekundu wenyewe huuoni vizuri, halafu unachokiona wiki kadhaa baadaye ni doa. Seli zinazotengeneza rangi hujibu kila uchokozi kwa kumwaga melanini: chunusi, mkwaruzo, kuungua, kukuna. Doa ninalolifukuza lilizaliwa na uvimbe, na asidi ikizidi inaleta uvimbe uleule. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya mradi inasema ngozi isikasirike kabisa. Kuambuka hadharani, vipande vikining'inia kama ganda la kitunguu, hakumo kwenye mpango.

Februari: kusoma chupa

Asidi hizi hazikwangui. Zinalegeza viunganishi vinavyozishikilia seli zilizokufa za tabaka la juu, seli zikaachia zenyewe. Ni maarifa ya siku nyingi. Paul Gerson Unna, daktari wa ngozi wa Ujerumani, alieleza matumizi ya asidi ya salisiliki kwenye ngozi mwaka 1882. Zile zinazoitwa asidi za matunda zilipata umaarufu baada ya 1974, Eugene Van Scott na Ruey Yu walipoonyesha kwamba zinasaidia ngozi yenye magamba ya ugonjwa wa iktiosisi.

Nilikuwa na nne za kuchagua, tatu za kwanza zikiwa asidi za matunda. Glikoliki ndiyo yenye molekuli ndogo kuliko zote, uzito wake 76, na inapenya haraka. Laktiki ina 90. Mandeliki ina 152, mara mbili ya glikoliki, na inaingia kwa kujivuta. Salisiliki iko upande wake: inayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo inashuka hadi ndani ya vinyweleo vilivyoziba, lakini ni ndugu wa aspirini na mwenye mzio wa aspirini aiache kabisa. Mimi nataka ile inayojivuta. Nimechukua mandeliki.

Sasa asilimia. Wengi tunaishia hapo, na watengenezaji wanajua, ndiyo maana namba imeandikwa kubwa mbele ya chupa. Asilimia inakwambia asidi kiasi gani imo ndani. Haikwambii kiasi gani kinafanya kazi. Ikiwa kwenye maji, asidi hugawanyika: sehemu inabaki nzima, yaani asidi huru, na sehemu inageuka chembe zenye chaji ya umeme, zisizopenya ngozi kirahisi. Anayeamua mgawanyo ni pH, kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu unapanda. Kwa glikoliki, pH ikiwa 3.8 karibu nusu iko huru. Ikipanda hadi 4.8, inabaki kama sehemu moja ya kumi. Ikishuka hadi 2.8, sehemu tisa kati ya kumi ziko huru. Piga hesabu: chupa ya asilimia 20 yenye pH 4.8 ina takriban asilimia 2 ya asidi huru, na chupa ya asilimia 5 yenye pH 3.8 ina takriban 2.5. Ile iliyoonekana dhaifu dukani ndiyo kali.

Kwa hiyo nilinunua karatasi za kupimia pH kabla ya kununua asidi. (Zina uraibu wake. Nimeshapima sabuni, mate, maji ya bomba, na losheni za watu wasioniomba.) Kwa mandeliki ile nusu inafika kwenye pH 3.4. Chupa yangu ni ya asilimia 10, na karatasi inaiweka kati ya 3.5 na 4.

Dari ya ukali nisiyoivuka nimeiazima mahali. Mwaka 1998 jopo la wataalamu wa Marekani linalopitia viambato vya vipodozi lilisema glikoliki na laktiki ni salama kwenye bidhaa za mtu wa kawaida zikiwa hazizidi asilimia 10, pH haishuki chini ya 3.5, na ngozi inakingwa na jua. Mandeliki haikuwa kwenye mjadala huo, lakini naipa masharti yaleyale. Mdogo wangu aliuliza kwa nini nisichukue ya asilimia 30 au 70 nimalize mara moja. Glikoliki ya 70 isiyopunguzwa ukali ina pH chini ya 1. Hiyo ni kazi ya kliniki, mbele ya mtu anayejua kusoma ngozi sekunde kwa sekunde. Julai 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo la wazi kwamba asidi kali za kuambua ngozi zisinunuliwe wala kutumiwa bila mtaalamu. Asidi ya TCA na fenoli, zilizo kali zaidi, sizijadili hapa kabisa. Fenoli inaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Machi: bado sijagusa uso

Mwezi mzima wa maandalizi, na ndio ulionichosha kuliko yote.

Retinoli, dawa ya ngozi ya jamii ya vitamini A, nimeiweka kabatini. Skrabu nimeitupa, maana kukwangua na kulegeza kwa pamoja ni kuomba kidonda. Nimejizoesha kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi kila asubuhi, hata kukiwa na mawingu, kwa sababu asidi za matunda huongeza uwezekano wa ngozi kuungua na jua, na hali hiyo inaweza kuendelea wiki nzima baada ya kuziacha. Nilijiambia kwamba nikishindwa kupaka kinga ya jua mwezi mmoja bila asidi, sina haki ya kuanza asidi.

Nilijikagua pia kwa maswali ambayo yangeweza kuufuta mradi. Je, napata malengelenge ya homa mdomoni? Asidi inaweza kuyaamsha. Nimewahi kumeza isotretinoini ya chunusi hivi karibuni? Aliyeimeza aanze kwa daktari wake. Nina ukurutu, kidonda, au kovu linalokua na kuinuka? Nina mimba? Nimetumia mkorogo? Swali hili la mwisho watu hulipita haraka, na mimi naliona kubwa. Krimu zilizochanganywa na steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba, na kwenye ngozi nyembamba asidi ya kiwango cha kawaida inashuka kina kisicho cha kawaida. Aliyetoka kwenye mkorogo apumzishe ngozi kwanza, tena chini ya jicho la daktari.

Jaribio la kwanza lilikuwa nyuma ya sikio, la pili chini ya taya, sehemu ndogo isiyozidi kucha. Maelekezo yanasema subiri saa 24 hadi 48. Hizo zinatosha kuona mzio na kuwashwa. Hazitoshi kuona rangi, kwa kuwa weusi unaofuata uvimbe unakuja kwa mwendo wake. Mimi nilisubiri wiki kadhaa. Hakuna kilichobadilika, na sikuwahi kufurahia "hakuna" kiasi hicho.

Aprili: usoni

Utaratibu ninaoufuata, ulivyo hadi sasa:

Ni usiku. Naosha uso kwa kisafishaji laini, nakausha, kisha nasubiri hadi ngozi iwe kavu kabisa. Ngozi yenye unyevu hupitisha asidi zaidi. Vaselini kidogo kwenye pembe za pua, midomo, na pembe za macho, kwa sababu asidi hupenda kujikusanya kwenye mikunjo hiyo. Beseni la maji na kitambaa safi viwe tayari kabla ya kufungua chupa. Saa ya simu iwekwe kabla ya tone la kwanza. Halafu paji la uso, pua, kidevu, na mashavu mwishoni kwa kuwa ndiyo laini na ndiyo yenye madoa. Nikiosha naanza na mashavu.

Mara ya kwanza niliacha dakika moja tu. Ni dakika ya kuchekesha, umejiandaa jioni nzima kwa ajili yake. Nikaosha kwa maji mengi ya baridi. Kwa nguvu hii maji yanatosha. Zile dawa za kuzima asidi zenye baikabonati ni za makali ya kliniki.

Kwa kuwa wekundu siuoni, nasoma kwa kugusa na kuhisi. Mtekenyo mdogo unaopungua naukubali. Mchomo unaopanda, joto la mahali pamoja, ngozi kuvutika au kung'aa kama plastiki, naosha hata kama saa inasema bado. Weupe kama ukungu ukitokea na asidi ya matunda maana yake imeshakwenda ndani kupita ilivyotakiwa. Wenye kliniki wanaujua weupe huo, na wanajua pia ule mwingine wa salisiliki, ambao ni chembe za asidi zilizokauka juu tu na kufutika. Nyumbani sitaki kufika mahali pa kulazimika kuzitofautisha.

Baada ya hapo ni losheni nzito yenye seramidi, mafuta yanayofanana na ya ngozi yenyewe, basi. Retinoli, vitamini C na kila kitu chenye harufu vinasubiri siku kadhaa. Kisha mapumziko ya wiki mbili. Tabaka la juu la ngozi ya kijana hujibadilisha kwa kama wiki nne, na mwenye umri mkubwa huchukua muda zaidi, kwa hiyo kupaka kila baada ya siku mbili ni kuvuna shamba ambalo halijaota.

Nimeongeza muda kidogo kidogo. Nguvu ya chupa sijaigusa.

Juni: picha

Kioo hakina kumbukumbu, na mtu anayetamani matokeo huyaona asubuhi ya kwanza. Nategemea picha: dirisha lilelile, saa ileile, umbali uleule, bila vipodozi, na karatasi nyeupe pembeni ya uso ili nijue kama kamera imebadilisha rangi. Kile kipengele cha simu cha kulainisha uso nimekizima. Kwenye simu nyingine kinajiwasha chenyewe, na kwa mradi huu ni adui.

Picha za Aprili na Juni zikiwekwa pamoja zinaonyesha madoa ya kahawia ya shavu la kushoto yamefifia, hasa pembezoni. Ukweli ni kwamba sehemu ya kufifia huko ingekuja yenyewe, maana madoa ya aina hii hupungua kwa miezi hata bila kitu. Ninachoweza kudai kwa uhakika ni kwamba hakuna jipya lililoongezeka, na mguso wa ngozi umekuwa laini.

Agosti: yale mawili ya taya

Karibu na taya kuna madoa mawili ambayo hayajasogea. Nikiyatazama kwenye picha ya karibu, hayana ukahawia wa yale ya shavuni. Yana ukijivu. Hapo nikaelewa. Doa la kahawia maana yake rangi iko kwenye tabaka la juu, ambako asidi nyepesi inafika. Doa la kijivu au la samawati maana yake melanini imeshuka hadi tabaka la chini, na huko mandeliki yangu haifiki hata nikikaa nayo hadi asubuhi.

Kishawishi kinakuja papo hapo: basi tafuta asidi inayofika. Inayofika huko inapita kwanza kwenye ngozi nzima iliyo juu yake, ikiichokoza njia nzima, na kwa aina ya tano na ya sita huo ni mwaliko wa doa kubwa zaidi ya lile lililokuwepo. Hayo mawili nimeyatoa kwenye mradi. Nayapeleka kwa daktari wa ngozi pamoja na picha zangu, aamue yeye kama yanahitaji kitu au yaachwe na miaka.

Shavuni ninaendelea: mandeliki ileile, muda uleule, wiki mbili zilezile. Badiliko ni moja tu ili nijue kilichofanya kazi ni kipi. Nahamia kinga ya jua yenye rangi, iliyowekwa oksidi za chuma. Kinga za kawaida zisizo na rangi huzuia zaidi miale isiyoonekana, lakini kwenye ngozi nyeusi mwanga unaoonekana nao huamsha melanini, na oksidi za chuma ndizo zinazouzuia. Changamoto ya sasa ni kupata kinga yenye rangi inayolingana na uso wangu. Niliyoijaribu jana imenifanya nionekane nimetoka kinu cha unga.