Siku ya Kwanza Tanga, Peke Yangu

Leo kutwa nimeulizwa swali moja: "Umekuja na nani?" Aliniuliza mama niliyeketi naye kabla basi halijatoka Mombasa, akaniuliza afisa wa uhamiaji pale Horohoro huku akifunua pasipoti yangu, akaniuliza na binti wa mapokezi hapa gesti. Wote nimewajibu "peke yangu", na kila nilipojibu jawabu lilizidi kuwa jepesi mdomoni. Mwanamke wa kwetu husafiri kwenda arusini, kwenda msibani, kumpeleka mgonjwa, kumfuata mume. Mimi nimekuja Tanga kuiona Tanga. Sina jamaa huku, wala biashara.

Mamangu, Mungu amhifadhi, alitaka nimchukue hata mpwa wangu. Nilimbusu mkono, nikamwomba dua tu. Akanipa.

Wako watakaosema Tanga si nje. Ni kweli kwamba lugha ni ile ile, bahari ni ile ile, na Mkenya haombi viza. Mama yule wa kwenye basi ni Mdigo wa Duga, upande wa Tanzania, alikuwa Kwale kumtazama dadake, na kwake hiyo si safari. Mpaka wenyewe Waingereza na Wajerumani waliupatana mwaka 1886, kuanzia mlango wa mto Umba, na Wadigo wakabaki huku na huku. Lakini mimi nimegongewa mihuri, ya kutoka na ya kuingia, jengo moja. Nimebadilisha pesa, nikapewa bunda la noti, nyingine zina sura ya Nyerere. Na nilipofika nikaswali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya na kupunguza, rakaa mbili mbili. Hapo ndipo moyo wangu ulipokubali kuwa ni msafiri.

Njiani, tulipokaribia mji, yalianza mashamba ya mkonge, mistari imenyooka hadi macho yanachoka. Mmea huu nao ni mgeni: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Utajiri wote wa mkonge wa Tanga uliota kutokana na hiyo.

Sasa nije kwenye baiskeli, maana ndiyo iliyoniburudisha leo kuliko kitu chochote.

Tanga ni mji wa baiskeli. Ardhi ni tambarare, na kila mtu anaendesha: mzee mwenye kanzu, mwanafunzi, mama aliyejitanda khanga na kapu la sokoni nyuma. Mombasa sijapanda baiskeli tangu usichana. Matatu zetu hazimwachi mtu nafasi. Nilipoona wanawake wenzangu wanapita wametulia hivi, nikamwendea fundi mmoja pale Ngamiani, nikamuuliza kama ana ya kukodisha. Akanipa yake. Akapunguza kiti, akajaza upepo, akaniambia, "Nenda dada, mji wenyewe huu huu, hupotei."

Na kweli hupotei. Mitaa ya Ngamiani imepangwa kwa namba, Barabara ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu, na kuendelea. Nilizipita nyingi bila sababu yoyote. Nilisimama palipokuwa na harufu ya kitu kinachokaangwa, nikala kachori, nikaendelea. Nilipotaka kurudi nyuma kuangalia tena mlango mmoja wa nakshi, nilirudi. Hakuna aliyekuwa akiningoja wala aliyechoka kwa ajili yangu. Nyumbani hata chai nainywa huku nimesikiliza nani ataita.

Nikaikata reli, ile iliyoanza kujengwa hapa 1893, ya kwanza katika Tanganyika yote, nikatokea upande wa bandari. Kisiwa cha Toten kiko mbele yako, kijani kitupu. Kisha nikafuata barabara ya chini ya miti mikubwa, nikapita hospitali ya Bombo na lile jengo la kale la Wajerumani linalotazama bahari, mpaka Raskazone.

Hapo Raskazone nilikaa mpaka jua likaanza kupoa. Mwaka 1914, mwezi wa Novemba, jeshi la Waingereza lenye askari wengi kutoka India lilishuka pande hizi kuuteka mji. Lilikuwa kubwa mara nyingi kuliko la Wajerumani na askari wao Waafrika, na lilishindwa, na katikati ya mapigano nyuki wakatoka mizingani wakawavamia watu. Maji leo yalikuwa shwari, watoto wanaogelea na kusukumana. Nilivua viatu nikatia miguu.

Nimewaza sana pale. Ukisafiri na mwenzako mnazungumza nyinyi wawili, na mji unapita pembeni. Leo sikuwa na wa kuzungumza naye, basi nimezungumza na watu: mama wa Duga, fundi, muuza madafu aliyenieleza upepo wa kusi unavyowasumbua wavuvi, bibi wa barazani niliyempa shikamoo akaniita nikae. Alinipa kahawa na kashata. Aliponiuliza nimekuja na nani nikamjibu, alinitazama kwa muda, akasema, "Vizuri, mwanangu. Miguu ungali nayo." Nimeyapenda maneno yale kuliko pongezi zote za maisha yangu, na nayaandika hapa yasinipotee.

Usiku nimekula bada, ule ugali wa makopa ya muhogo, kwa samaki wa nazi. Makopa yametwangwa vizuri, bada laini, nazi haikufanyiwa ubahili. Nimeomba nyongeza.

Kesho asubuhi ni Mapango ya Amboni, kaskazini ya mji, si mbali. Fundi amekubali niendelee kuwa na baiskeli, akanionya kuwa njia ile ina malori, nishike pembeni na nitoke mapema kabla ya jua kali.