Jinsi nilivyoondoa sauti za mikwaruzo kwenye santuri yangu ya Newbuild

Newbuild ya kundi la 808 State, albamu ya acid house (muziki wa dansi wa kielektroniki) iliyotoka Manchester, Uingereza, mwaka 1988, niliitafuta kwa muda mrefu. Kama wakusanyaji wengi, niliangukia toleo la lebo ya muziki ya Rephlex la 1999, nakala iliyokwishatumika. Nilipoiweka, ile sauti ya TB-303, kinanda cha kielektroniki cha besi, inayojipinda na kulia ilifunikwa na milio kama mafuta yanayokaanga. Iliniuma sana.

Nikaiosha: maji yaliyokenekwa, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, nikifuata mzunguko wa mifereji, kamwe si kuikatiza. Karatasi ya katikati isilowe. Nikasuuza, nikaisimamisha ikauke usiku kucha.

Milio ya kukaanga ikaisha, lakini nyimbo za mwisho za kila upande bado zilikwaruza. Hapo nikaacha kuilaumu santuri. Karibu na katikati mzunguko ni mfupi, mawimbi ya sauti yamebanana, na sindano iliyokaa kwa wepesi mno hushindwa kuyafuata. Nikapima kwa mizani ndogo uzito ambao sindano inaikandamiza santuri: gramu 1.3, ilhali kijitabu cha sindano yangu kinataka 2. Wengi tunadhani wepesi huilinda santuri. Kumbe sindano inayorukaruka ndiyo inayokwangua kuta za mfereji.

Nikazungusha kizani kilicho nyuma ya mkono unaoshika sindano hadi gramu 2, nikarudia wimbo wa mwisho. 303 ikapanda, ikalia, safi mpaka mwisho. Nikaigeuza santuri upande wa pili.