Kuiondoa upower kwenye Gentoo bila kuvuruga Xfce

Wengi wanaotumia Gentoo, aina ya Linux inayokompaili programu zake yenyewe, hukuta upower, programu ya kupimia betri, kwenye mashine zao bila kuiomba. Huletwa na profaili, yaani mpangilio wa awali wa mfumo: ukichagua ya desktop, bendera ya USE (swichi ya kuchagua sehemu za programu zitakazokompailiwa) iitwayo `upower` huwa imeshawashwa, sambamba na `udisks`, `policykit` na `elogind`. Ndiyo maana hata kompyuta ya mezani isiyo na betri hukompailiwa programu hiyo.

Kwanza jua nani anaitaka. Sakinisha `app-portage/gentoolkit`, kisha:

`equery depends upower`

Soma mabano kwa makini. Mstari wenye `upower ?` maana yake kifurushi hicho kinaihitaji tu bendera ikiwa imewashwa, kwa hiyo hitaji hilo linazimika. Usipoona alama ya kuuliza, hapo hakuna mjadala: `gnome-control-center` na `gnome-settings-daemon` ni za kundi hilo. Mtumiaji wa GNOME aiache tu.

Kwa Xfce (mazingira mepesi ya desktop), andika `-upower` ndani ya USE kwenye `/etc/portage/make.conf`, halafu:

`emerge -avuDN @world`
`emerge -av --depclean`

Ya kwanza hukompaili upya vifurushi bila bendera hiyo, ya pili huondoa visivyohitajika tena; usibadilishe mpangilio huo. Ukikimbilia `emerge -C upower`, programu zilizokwisha kuunganishwa na maktaba yake, `libupower-glib`, zitagoma kuwaka. Na kama depclean haiigusi, fungua `/var/lib/portage/world`, orodha ya vifurushi ulivyoviomba mwenyewe: pengine `xfce4-power-manager` iliwekwa kwa mkono, nayo haiwezi kuishi bila upower. Iondoe humo kwa `emerge --deselect xfce4-power-manager`, urudie depclean.

Baada ya hapo ndipo `sys-power/upower` iingie `/etc/portage/package.mask`, orodha ya vifurushi vilivyozuiwa. Kizuizi hicho kinakuwa mlinzi wa mlangoni: kifurushi kipya kikiitaka upower, Portage (msimamizi wa vifurushi wa Gentoo) itasimama na kukuambia badala ya kuiingiza kimyakimya. Wako wanaopendekeza `package.provided`, yaani kudai kifurushi kimeshasakinishwa; huko ni kuidanganya Portage, na uongo huumbuka pale configure (ukaguzi unaofanyika kabla ya kukompaili) inapotafuta `upower-glib` isiione.

Unachopoteza ni alama ya betri kwenye paneli na onyo la chaji kuisha. Asilimia bado inasomeka kwa `cat /sys/class/power_supply/BAT0/capacity` (mashine nyingine ni BAT1). Kulaza mashine hakuathiriki, maana upower iliacha kazi hiyo tangu toleo 0.99. `loginctl suspend`, amri ya elogind (huduma inayosimamia vipindi vya watumiaji), inatosha, na kifuniko cha laptopu kinaamuliwa na `HandleLidSwitch` ndani ya `/etc/elogind/logind.conf`. ACPI ya kerneli (sehemu inayozungumza na maunzi kuhusu umeme) usiiguse, hiyo ni kitu kingine kabisa.