Mdeki Haukudunda

Juzi usiku mwanangu wa kati alikuwa amekodolea macho simu, anamtazama Mmarekani mmoja akijaza baruti kwenye maganda, kisha anazikandamiza risasi kwa kimashine, moja moja. Mara akaniuliza: "Baba, risasi ikizama zaidi ndani ya ganda, inakwenda mbio zaidi au inapungua?"

Kiganja cha kulia kikaanza kuniwasha. Na si cha pesa.

Makunduchi, Unguja, 1986, siku chache baada ya Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya. Nguruwe walishaila mihogo ya bibi usiku wa tatu mfululizo, babu akatoa gobori lake. Wasasi wenziwe na mbwa wao walikuwa wanangoja chini ya mwembe. Mimi, miaka 11, nikapewa kazi niliyoililia mwaka mzima: kushindilia.

Baruti aliipima na kuimimina mwenyewe. Mimi nikatia kumbi la nazi, risasi, kumbi tena, nikashika mdeki, ile fimbo ya kushindilia kupitia mdomo wa mtutu. Ulikuwa wa chuma, na babu aliukwangua alama mbili kwa tupa: moja ya mtutu mtupu, moja ya mtutu uliojaa. Alama ya pili ikigusa mdomo wa mtutu, kazi imekwisha. Kumbi langu, kumbe, lilikuwa na unyevu. Likakwama. Nikasukuma mpaka kiganja kikachubuka.

"Imefika?"

"Imefika, babu."

Alama ilikuwa juu ya mdomo wa mtutu vidole vitatu, nimeifunika kwa mkono.

Akauondoa mkono wangu taratibu, kama anayemtoa kuku juu ya mayai. Akauinua mdeki kama shibiri moja, akauachia. Tuf. Akaurudia. Tuf.

"Ukifika hudunda," akasema. "Huu umelala."

Fataki, zile za kuwashia baruti, alikuwa nazo yeye, kwenye kibweta cha tambuu, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Nadhani alitujua. Akashindilia mwenyewe, pole pole, kichwa amekiweka pembeni, mpaka mdeki ukalia ti! ukaruka.

"Baruti haitaki uwazi, bwana mdogo. Ukiiachia nafasi, hujui itatokea wapi."

Nguruwe hatukumpata.

Ukubwani ndipo nilipojua kuwa uwazi ule kati ya baruti na risasi unaweza kupasua mtutu, tena usoni kwa aliyeushika. Babu.

Mwanangu nikamwambia risasi ya ganda ina mambo mawili yanayovutana. Ukiizamisha, nafasi ya baruti inapungua, shinikizo linapanda, na mbio huongezeka; kwenye ganda fupi la bastola, kuzama kidogo tu kunaweza kulipandisha shinikizo mpaka hatari. Lakini kwenye bunduki ndefu, risasi iliyozama huanza mbali na michirizi iliyochongwa ndani ya mtutu. Inateleza kwanza kabla ya kubanwa, gesi inavuja pembeni yake, na shinikizo linaweza kushuka, na mbio pia. Endelea kuzamisha, linapanda tena.

"Kwa hiyo mbio au polepole?"

"Inategemea."

Hakuridhika. Akauliza kama babu alinipiga.

Hakunipiga. Wala hakuwaambia wenziwe. Lakini mdeki hakunipa tena mpaka anakufa, na mimi sikuuomba. Siku hizi uko kwa shangazi, anachokolea makaa. Alama zote mbili bado zinaonekana.