Kumbukumbu ya mradi: madaftari ya samaki, Malindi hadi Shimoni

Awamu hii ni ya jedwali. Kurasa za madaftari ya klabu za uvuvi zimeshapigwa picha. Sasa kila samaki anapewa mstari wake, na hapa ndipo mitego ilipo.

Mtego mkubwa ni safu ya mshipi, yaani uzi wa kuvulia, kwa sababu imeandikwa namba tupu. Kabla ya nailoni, iliyotangazwa 1938 na kuenea baada ya vita, mishipi ya kuvulia samaki wakubwa ilikuwa ya kitani, na ukubwa wake ulihesabiwa kwa nyuzi. Kila uzi ulikadiriwa kubeba ratili 3 ukiwa umelowa. Kwa hiyo 24 ni nyuzi 24, yaani ratili 72, karibu kilo 33. Anayeisoma kama ratili 24 anampa mvuvi sifa isiyo yake. Namba zinazotambulisha kitani ni 9, 15, 24, 39 na 54. Ukikuta 20, 30, 50, 80 au 130, hizo ni ratili. Namba ya asili inabaki kwenye safu yake, tafsiri inakaa safu ya pembeni. Usifute moja kwa ajili ya nyingine.

Tarehe nazo: 6/12 ni Desemba au Juni? Upepo ndio unaoamua. Sulisuli wengi na bahari tulivu ni habari za kaskazi. Juni ni kusi, na boti ndogo hazitoki ovyo. Ukurasa wenye sulisuli kila siku hauwezi kuwa wa Juni. Ukibaki na shaka, tazama tarehe za kurasa zilizotangulia kabla ya kujaza.

Uzito una aina tatu na hazichanganywi: uliopimwa kwa mizani, uliokokotolewa, na wa kukisia kwa macho, hasa kwa samaki aliyetiwa lebo akaachiliwa. Penye vipimo bila uzito, zidisha mzunguko wa mwili kwa mzunguko huohuo, kisha kwa urefu, vyote kwa inchi, ugawe kwa 800. Jibu ni ratili. Lizidishe kwa 0.4536 upate kilo. Kokotoa kwa inchi kwanza, maana 800 haifanyi kazi kwenye sentimita.

Majina ya samaki yanahama na bandari. Kuna anayemwita sulisuli yule mwenye tanga mgongoni, kuna anayeliweka jina hilo kwa marlini, samaki mkubwa mwenye pua ndefu kama mkuki. Tunaandika jina lililotumika, kisha la kisayansi: Istiophorus platypterus kwa mwenye tanga, Makaira nigricans kwa marlini wa buluu, Istiompax indica kwa marlini mweusi. Huyu wa mwisho, mapezi yake ya kifuani hayalali ubavuni, kwa hiyo picha nzuri inamaliza ubishi.

Wanaoipenda historia hii huanzia 1934, mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway alipovua Malindi. Ni sawa, lakini thamani kubwa iko kwenye safu ambayo mara nyingi ni tupu: nahodha na baharia. Mgeni anaandikwa jina kamili; aliyejua mwamba, aliyetega chambo na aliyeshika mkuki wa ndoana anaandikwa jina moja, tena kwa tahajia ya kubahatisha. Jina hilo linanakiliwa lilivyo, na safu ya pili inasubiri wazee wa bandari walisahihishe. Picha zinachapishwa kubwa, ukubwa wa A4, kwa sababu wazee hawazitambui sura kwenye skrini ya simu. Sauti za wazee zinarekodiwa kwa faili za WAV, ambazo hazibani sauti, kwa 48 kHz. Ruhusa inaombwa kabla ya kuwasha mashine, na mahali penyewe pa mwamba hapatangazwi.

Kurasa zilizobaki ni zile zenye kuvu. Hazianikwi juani: wino unapauka na karatasi inajikunja. Zinakaa kivulini penye upepo, karatasi ya kunyonya maji ikiwekwa katikati ya kurasa na kubadilishwa kila siku. Kuvu likikauka linapanguswa nje kwa brashi laini, barakoa usoni. Pini zenye kutu zinatolewa kwanza; gundi ya utepe wa zamani inaachwa, maana ukiivuta inaondoka na maandishi.