Transfoma ya taa za sebuleni: namba niliyoipita bila kuisoma

Sebule yetu hapa Tabata ilikuwa na taa nne za halojeni kwenye dari ya jipsamu, kila moja wati 35, zote za volti 12. Joto lake lilinichosha, hasa Januari. Nikabadilisha, nikaweka LED za wati 5 zenye miguu ileile. Transfoma, kile kifaa kinachoshusha umeme wa volti 230 hadi 12, sikuigusa. Niliona kama imebeba wati 140 miaka yote, 20 zitaishindaje?

Jioni hiyohiyo taa zikaanza kupepesa. Fundi akasema, "Mama, hizo taa feki." Nikanunua nyingine za bei kubwa zaidi. Zikapepesa vilevile, na macho ya watoto yakawa yanauma wakisoma.

Nikamwomba fundi aishushe transfoma, nikaenda nayo Kariakoo. Muuzaji mmoja, mtu mzima, akaigeuza akauliza, "Dada, taa zako jumla wati ngapi?"

"Ishirini."

Akaniwekea kidole kwenye maandishi: 50–150W. "Umetazama hii ya mwisho tu. Chini ya hamsini haitulii."

Kumbe transfoma za kielektroniki za halojeni zina kiwango cha chini cha mzigo. Usipokifikia, zinajiwasha na kujizima, ndiko kupepesa kwenyewe. LED zinataka transfoma yake, inayotoa volti 12 za DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri) zilizotulia. (Soma na taa pia: zangu ziliandikwa AC/DC, yaani zinapokea umeme wa kubadilika mwelekeo na huo wa DC pia, kwa hiyo zilikubali.) Hesabu ikawa nyepesi: wati 20 ugawe kwa 0.8 ili isifanye kazi kwa nguvu zake zote, unapata 25. Nikachukua ya wati 30. Tangu siku hiyo taa zimetulia.

Nikapata moyo, nikataka taa za mkanda barazani. Mita 5, wati 14.4 kwa kila mita, jumla 72. Kwa hesabu ileile nikanunua transfoma ya wati 100. Fundi akaifunga ndani karibu na swichi, akavuta waya wa milimita 1.5 mita kumi hadi nje. Mkanda ukawaka kinyonge. Tulipopima, volti zilizofika hazikutimia 11.

Hapa ndipo naomba usikilize vizuri. Wati 72 kwenye volti 12 ni ampea 6, na ampea 6 kwenye waya mwembamba na mrefu hupoteza volti njiani. Wati hizohizo kwenye umeme wa kawaida wa volti 230 ni kama ampea 0.3 tu, hazioni urefu. Basi umeme wa 230 ndio usafiri, wa 12 utembee hatua chache.

Tukabadilisha transfoma kwa yenye alama ya IP67, isiyoingiza maji, tukaifunga chini ya paa la baraza, nusu mita kutoka mkanda, mahali penye hewa. Fundi akapima tena: volti 11.9.